Kukimbiza Sauti Bila Kumeza Neno

Wiki iliyopita mjukuu wangu Neema alikuja kunisalimia hapa Uyole, na kabla hajakaa vizuri akakumbuka kwamba nilikuwa nimemtumia ujumbe wa sauti ambao hakuusikiliza. Akaona aibu. Akatoa simu, akaubonyeza pale pale mbele yangu, halafu akabonyeza tena mahali pa kuongeza kasi. Sauti yangu ikatoka kama ya mtu anayefukuzwa na nyuki.

"Unasikia ninachosema humo?" nikamwuliza.

"Nasikia, bibi. Unaumwa goti."

"Goti lipi?"

Akatazama magoti yangu yote mawili. Nikamwambia arudishe nyuma. Lilikuwa la kushoto.

Sikumgombeza, kwa sababu mimi mwenyewe nimekula mkate wa kazi hiyo hiyo. Miaka yangu yote ya ajira nimekuwa fundi sauti wa redio, kwanza Iringa, kisha hapa Mbeya, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuchukua maneno ya dakika moja na nusu na kuyaingiza kwenye dakika moja bila mtu kugundua. Neema siku hizi anahariri mahubiri na vipindi vya mafunzo kwa kompyuta yake, na wenzake wengi wanafanya hivyo. Aliniomba niwaandikieni ninachokijua. Basi naandika, na nitaanza na aibu zangu, maana ndizo nilizojifunzia.

Aliyenifundisha ni Mzee Kalinga, Mhehe mmoja mrefu, mkimya, aliyevaa sweta moja la kijani mwaka mzima. Wakati huo tulikuwa tunatumia utepe unaozunguka kwenye magurudumu mawili. Ukitaka kuondoa kitu unaukata kwa wembe, unaunganisha ncha kwa gundi ya karatasi. Nilikuwa msichana mwenye haraka. Siku moja nikaletewa mahubiri ya mchungaji mmoja mwenye sauti nzito kama ngurumo, na yalizidi muda. Mzee Kalinga alikuwa ameenda kula. Nikaona njia rahisi: nikauzungusha utepe kwa kasi zaidi, nikarekodi upya, nikapeleka hewani.

Kwa utepe, ukiongeza kasi na sauti inapanda. Yule mchungaji mwenye ngurumo akatoka akiwa kifaranga. Kesho yake watu walikuwa wanauliza ni mtoto gani yule anayejua Biblia kiasi kile. Mchungaji mwenyewe alikuja ofisini. Nilijificha nyuma ya kabati la tepe, nikamsikia akimwambia Mzee Kalinga kwamba mke wake amecheka mpaka ameshindwa kupika, na kwamba yeye hana neno, ila angependa Jumapili ijayo arudishiwe ndevu zake.

Alipoondoka, Mzee Kalinga hakunikaripia. Alinikalisha kwenye mashine akaniambia, "Sikiliza mahubiri haya tena, lakini usisikilize maneno. Sikiliza mahali ambapo hasemi kitu."

Nikasikiliza. Mchungaji alikuwa anavuta pumzi ndefu. Alikuwa anafungua kurasa. Alikuwa anasema "eee" na "ndugu zangu" kila baada ya sentensi mbili. Tukakaa mchana kutwa na wembe, tukapunguza vile vipande vya kimya, kila kimoja kidogo, tusikimalize, kwa sababu mtu asiyepumua anamchosha msikilizaji. Tulipopima, mahubiri yalitosha kwenye muda wake na ndevu zote zilikuwepo. Hatukuwa tumekimbiza hata neno moja.

Mpaka leo hicho ndicho kitu cha kwanza ninachofanya. Kabla ya kugusa kasi, ninaondoa kile ambacho si maneno. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Miaka ikapita, kompyuta zikaja. Nilikuwa nimeshahamia Mbeya, kwenye redio ndogo ambayo wasikilizaji wake walikuwa hasa wakulima na wafugaji, toka milimani mpaka tambarare za Usangu. Kompyuta ilikuwa na ufundi ambao Mzee Kalinga angeushangaa: inaongeza kasi na sauti inabaki pale pale. Inachofanya ni kuikata sauti vipande vidogo sana, inatupa baadhi, inavisogeza vilivyobaki vishikane. Mchungaji anabaki na ngurumo yake. Nikafikiri matatizo yamekwisha. Nikawa maarufu pale ofisini. Mtu akileta tangazo refu, wanasema mpelekeeni Mama Lusajo, atalibana. Lusajo ni kifungua mimba wangu, na hilo ndilo jina nililoitwa kazini. Nami niliipenda sifa hiyo ya kubana kuliko nilivyopaswa.

Sasa niwaambieni kuhusu Masanja.

Msimu mmoja wafugaji wa Usangu waligawiwa dawa mbili za mifugo. Moja ilikuwa kwenye chupa ya kahawia, ya minyoo, ya kunywesha. Nyingine ilikuwa kwenye chupa nyeupe, ya kupe, ya kuogesha tu, na ni sumu mnyama akiinywa. Bwana mifugo alituletea tangazo. Mtangazaji wetu alilisoma vizuri, lakini mvua ilikuwa inapiga bati na studio yetu haikuwa na dari ya maana. Tangazo lilichukua dakika moja na nusu. Meneja wetu, Bwana Ambakisye, alikuwa ametenga dakika moja kabla ya taarifa ya habari, wala hakutaka kusikia nyongeza.

Kwanza nikaiambia kompyuta iondoe kelele ya mvua. Ikaondoa. Kisha nikaongeza kasi mpaka tangazo likatosha. Nikalisikiliza mara tatu, karatasi ikiwa mbele yangu. Lilisema, "Dawa ya chupa ya kahawia muwanyweshe ndama. Dawa ya chupa nyeupe msiwanyweshe, muwaogeshe." Nikaridhika. Likaenda hewani jioni ile, likaenda na kesho yake, na lilipangwa kwenda wiki nzima.

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, akaingia mzee mmoja mapokezi. Alikuwa amepanda lori la mpunga tangu alfajiri, akashukia barabarani, akaulizia redio ilipo. Alikuwa Msukuma, familia yake ilihama kutoka kaskazini na kuingia Usangu na ng'ombe wao yeye akiwa kijana. Mkononi alikuwa na mfuko wa kitambaa. Alitusalimia wote, mmoja mmoja, akaulizia na hali za nyumbani kwetu. Ndipo akatoa chupa nyeupe, akaiweka mezani taratibu.

"Mimi naitwa Masanja," alisema. "Nimekuja kuuliza. Hii dawa, ninyi mlisema tuwanyweshe, halafu tuwaogeshe. Nimewanywesha ndama wawili. Wamekufa wote. Nataka kujua nimekosea wapi, kwa sababu ndama wengine bado wapo na dawa bado ipo."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angepandisha.

Bwana Ambakisye alinivuta pembeni, koridoni. "Mama Lusajo, tangazo lilikuwa sahihi. Nimeliona kwa macho yangu kwenye karatasi. Huyu mzee Kiswahili si lugha yake. Amesikia vibaya, tumpe pole tu."

Nami nilitaka sana iwe hivyo. Lakini kulikuwa na kitu kinanikereketa: Masanja hakusikia ovyo. Alisikia chupa, alisikia rangi, alisikia kunywesha na kuogesha kwa mpangilio wake. Mtu anayesikia vibaya hasikii vizuri kiasi kile.

"Tumwite Mama Upendo," nikasema.

Mama Upendo alikuwa anatupikia chai. Asubuhi anashinda jikoni, na lile tangazo hakuwa amelisikia. Alikuja anafuta mikono kwenye khanga. Nikaigeuza ile karatasi, maandishi yatazame chini, nikachomoa spika zangu kubwa za studio, nikachomeka kispika kidogo kinachofanana na cha redio za mkulima. Nikalicheza tangazo mara moja.

"Mama Upendo, chupa nyeupe tuifanyie nini?"

"Si wamesema," akajibu, kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. "Mnawanywesha, halafu mnawaogesha."

Bwana Ambakisye akavuta kiti akakaa. Mimi nililicheza tena, safari hii nimefumba macho ili nisiikumbuke karatasi. Na ni kweli. Ile "si" haikuwepo. Palikuwa na "m", kisha kitu kama pumzi, kisha "wanyweshe".

Nimekuwa na muda wa kutosha kuelewa nilichokifanya. Herufi "s" haina wimbo ndani yake, ni upepo mtupu kwenye meno. Kwa kompyuta, upepo wa meno na mvua ya bati ni kitu kile kile. Nilipoiambia iondoe mvua, ikaondoa mvua na sehemu kubwa ya "s". Nilipoongeza kasi, ile kidogo iliyobaki ikatupwa pamoja na vipande vinavyotupwa. Spika kubwa za studio zilinionyesha mabaki yake, na karatasi ikamalizia. Sikio lina tabia hiyo: likijua kinachotakiwa kusemwa, linasikia hata kisichosemwa. Masanja hakuwa na karatasi.

Nilirudi mapokezi. Nikamwambia, "Baba, hujakosea wewe. Nimekosea mimi. Mtangazaji alisema msiwanyweshe. Mimi nilipolikimbiza tangazo nikaimeza 'si'."

Alinitazama. Alikuwa na macho ya mtu aliyelala vibaya.

"Kwa hiyo lile neno lilikuwepo," alisema.

"Lilikuwepo."

"Na watu wengine wamesikia kama mimi."

Hapo ndipo nilipozinduka. Nilikuwa nimesimama pale nikiomba radhi kana kwamba jambo lilikuwa limekwisha, kumbe Usangu nzima ilikuwa na chupa nyeupe nyumbani. Nikageuka kumtazama meneja. Bwana Ambakisye alikuwa mtu mwenye kujali jina la redio yetu kupita kiasi, na kukiri kosa hewani kulikuwa kitu ambacho hatukuwahi kukifanya. Lakini akaenda mwenyewe kufungua mlango wa studio, akamwambia mtangazaji ashushe muziki.

"Ingia wewe," akaniambia. "Wewe ndiye unayejua kilichotokea."

Sikuwahi kusema hewani hata siku moja. Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, nimekulia kwenye lugha isiyo na "r" wala "z", na mpaka leo nikiwa na wasiwasi zinanikimbia. Siku ile zilikimbia zote. Nilisema polepole kuliko nilivyowahi kusema maishani. Nikasema tangazo la dawa lililopita lilikuwa na kosa, kosa la fundi, na fundi ni mimi. Nikasema chupa nyeupe ni sumu kwa kunywa. Sikutumia "msi" yoyote. Nikasema, "Ng'ombe akinywa chupa nyeupe atakufa. Chupa nyeupe ni ya kuoga tu. Ya kuoga tu."

Halafu nikamsogezea kipaza sauti Masanja, aliyekuwa ameingia nyuma yangu. Hatukuwa tumepanga. Akainama kama anayechungulia kisimani.

"Mimi naitwa Masanja," alisema. "Ndama wangu wawili wamekufa jana. Chupa nyeupe. Kama umeishika, iweke chini."

Hayo tu. Tukayaweka hewani kila baada ya nusu saa mpaka jua likazama, bila kukata hata pumzi yake. Baada ya siku chache bwana mifugo alitupitia akasema kuna maboma mawili ambako walikuwa wameshafungua chupa na kumshika ndama wa kwanza, redio ikiwa imetundikwa kwenye mti wa uzio, waliposikia "iweke chini" wakaiweka chini.

Niliandika barua ya kukiri kosa nikampelekea meneja. Aliisoma akaikunja. "Hiyo dakika moja niliing'ang'ania mimi," alisema. Kuanzia hapo matangazo ya afya na mifugo yakapewa muda unaoyatosha, na barua yangu sijui aliiweka wapi.

Wafanyakazi tulichangishana tukanunua ndama jike, tukampeleka Usangu kwa gari la ofisi, meneja amekaa nyuma kumshikilia asianguke, shati jeupe na yote. Masanja alimkagua meno, akamkagua kwato, akasema si mbaya kwa ndama aliyechaguliwa na watu wa redio. Akampa jina Redio. Baadaye aliniambia mkewe alicheka siku nzima, maana kila akisema "Nyamazisheni Redio" hakuna aliyejua anasema Redio gani. Tuliendelea kutembeleana mpaka nilipostaafu. Akija mjini anapita ofisini, na mimi nilimfanyia kitu ambacho nadhani alikipenda: nilimkalisha kwenye kiti, nikamchezea matangazo mapya kwenye kispika kidogo, nikamwuliza amesikia nini. Alikuwa mkali kuliko mkaguzi yeyote. "Hapo kwenye 'hakuna', mama, mimi nimesikia 'kuna'. Rudia."

Kutokana na yeye na Mama Upendo nilipata utaratibu ambao sikuuacha tena. Maneno ya kukataza, "usi", "msi", "ha", pamoja na namba na majina ya watu, siyakimbizi. Ninaiongeza kasi sentensi inayoyazunguka, na nikifika hapo nayaacha yatembee kwa mwendo wake. Ukisikiliza hutagundua, kwa sababu hata sisi tukiongea tunafanya hivyo hivyo. Vokali zetu za Kiswahili zina unene wa kutosha, hasa ile ya silabi ya pili kutoka mwisho, hiyo unaweza kuipunguza na neno likabaki zima. Konsonanti ni nyembamba. Ukikata kote sawasawa, nyembamba ndizo zinazoisha. Kelele za mvua usizifute kwa kompyuta, subiri mvua ikatike. Tundika mablanketi ukutani, maana mwangwi wa silabi moja ukikimbizwa unaikalia silabi inayofuata, na mtu anaonekana anasemea ndani ya pipa. Muziki chini ya maneno, utoe. Na ukimaliza, mwite mtu ambaye hajui kilichoandikwa, ikiwezekana mtu ambaye nyumbani anaongea Kisafwa au Kisangu au Kibena, acha sufuria za jikoni ziendelee kulia, umwulize amesikia nini. Usimwulize kama amesikia. Watu wenye adabu watakwambia wamesikia.

Lakini nisiwafiche: baada ya Masanja niliogopa kasi kwa muda mrefu. Hata kipindi cha salamu nilikuwa siongezi. Aliyeniponya ni Mwalimu Agnes, na hiyo ilikuwa karibu na kustaafu kwangu.

Mwalimu Agnes alikuwa anafundisha watoto wasioona kule Iringa, naye mwenyewe haoni. Alikuja kuomba tuwarekodie masomo wanafunzi wake. Tukiwa tunaongea simu yake ikaita, ikamsomea jina la mpigaji, halafu ikamsomea ujumbe, na mimi nikasikia kitu kama mahindi makavu yanamwagwa kwenye beseni.

"Hiyo ni nini, mwalimu?"

"Ni ujumbe wa dada yangu. Anasema amefika Mafinga, mvua inanyesha."

Nikamwambia mimi sikusikia hata neno moja. Akacheka. Akasema wao wamezoea, macho ya wengine yanaruka mistari, wao masikio yao ndiyo yanayoruka. Nikamsimulia habari za chupa nyeupe, nikamwambia kwamba mimi sasa naacha maneno yaende taratibu na sibani kitu.

"Vizuri," akasema. "Basi tusomee hivyo hivyo. Taratibu, kila mwisho wa neno uufikishe, sauti iwe moja, usinong'one wala usipige kelele. Usitukimbizie. Sisi tutakimbiza wenyewe, kila mtu kwa kasi ya sikio lake."

Sikuwahi kufikiria hivyo. Miaka yote nilidhani kasi ni mali yangu mimi fundi. Kumbe kazi yangu ilikuwa kuandaa sauti safi inayoweza kustahimili kukimbizwa na mtu yeyote, na hiyo ndiyo kazi yenu pia, kwa sababu msikilizaji wa leo kitufe cha kasi anacho mfukoni.

Nikafanya kazi ile kwa moyo wote. Nilisoma masomo mwenyewe, na "r" zangu nikazifunga kamba zisikimbie. Katika somo la mmeng'enyo wa chakula niliongeza kautani kangu ambako hakakuwa kwenye kitabu.

Mwalimu Agnes akanialika Iringa niwaone wanafunzi wakilitumia somo hilo. Nilikaa nyuma ya darasa. Wakaliweka somo kwenye spika kwa mwendo wao. Yale mahindi yakaanza kumwagika kwenye beseni. Nilijua ni sauti yangu kwa sababu niliambiwa, zaidi ya hapo sikuambulia kitu. Nilikaa nikiwatazama, vichwa vimeinama kidogo, vidole vimetulia juu ya madawati, nikijiuliza kama wanapata chochote au wananiheshimu tu kwa kuwa mgeni.

Ghafla darasa zima likacheka, kwa pamoja, kwa sekunde moja ile ile.

Nikamgusa bega msichana aliyekaa mbele yangu. "Mwanangu, mnacheka nini?"

Akageuza uso kuelekea sauti yangu, bado anatabasamu. "Umesema tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, bibi, na hakuna hata kimoja cha wageni."

Nikacheka, wa mwisho darasani, kwa maneno yangu mwenyewe.